Vidole Viwili vya Fundi

Baba alikuwa fundi cherehani kwa miaka hamsini, na miguu yake ilipoanza kumsaliti, aliilaumu ngazi. Chumba chake cha kazi kilikuwa juu, vidato kumi na viwili. Siku alipokwama kidato cha saba kwa nusu saa, akijifanya anasikiliza redio ya jirani, dada yangu mkubwa alitoa hukumu: Baba ahamie kwake, nyumba isiyo na ngazi. Cherehani ingebaki.

"Bila cherehani nitafanya nini huko kwako? Nihesabu nzi?"

"Utapumzika, Baba."

"Nitapumzika nikifa. Huko muda upo tele."

Daktari wa mazoezi ndiye aliyewapatanisha. Alieleza kwamba misuli ya wazee hunywea isipolishwa na isipofanyishwa kazi. Baada ya kuona vipimo vya figo, alimwagiza Baba unga wa protini, kijiko kimoja kwenye maziwa kila asubuhi, pamoja na zoezi: kuketi na kusimama, mikono kifuani. Baada ya miezi miwili Baba angesimama mara tano bila kushika kitu, au angefunga mizigo.

Unga ulikuja kwenye kopo lenye picha ya kijana kifua wazi. Baba alimtazama kwa huruma. "Maskini. Na misuli yote hiyo, hana hata shati."

Maziwa aliyanywa, uso kaukunja kama mtoto. Zoezi ndilo lililokosa bahati: leo goti, kesho mvua. Siku ya kwanza nilimpima paja kwa tepu yake, nikaandika ukutani kwa chaki: inchi kumi na saba. Wiki mbili baadaye alijipima mwenyewe, akaniita kwa sauti iliyomtoa jirani nje.

"Kumi na nane na nusu! Mwambie dada yako kile chumba atafute mpangaji!"

Basi zoezi likafa kabisa. Unga unafanya kazi, yeye ajisumbue nini? Alifumua hata suruali zake mbili, akazitanua ili mapaja yapate pa kukaa. Zikampwaya kama mapazia.

Wiki ya tatu daktari alikuja kumkagua. Baba akakunja mikono kifuani, akainuka mara moja. Mara ya pili alirudi kitini, puu!

"Lakini paja limeongezeka!" akalalamika.

"Hebu jipime nione."

Baba akazungusha tepu. Mimi ndiye niliyeona.

"Baba, vidole."

Alikuwa ameingiza vidole viwili chini ya tepu, kama alivyomfanyia kila mteja maisha yake yote, ili nguo isibane. Alikuwa amejipima suruali, si paja. Akavitoa. Kumi na saba vilevile.

Yeye ndiye aliyeanza kucheka. "Nimejishonea uongo, tena wenye nafasi."

"Mzee wangu," daktari akasema, "unga ni kitambaa tu. Ukikiacha mezani hakigeuki koti."

Hilo lilimwingia. Siku hiyohiyo alipigilia msumari ukuta wa mbali, akatundika mkasi hapo. Kila mshono ulipokwisha uzi ulitaka kukatwa, na kila uzi ulimtaka ainuke, mikono kifuani, aufuate mkasi, kisha aurudishe. Nilimfuma mara moja akikata uzi kwa meno. Nilimtishia kumwita dada.

Siku ya mtihani dada alikuja na sanduku tupu. Moja. Mbili. Tatu. Ya nne magoti yalitetemeka kama cherehani yenyewe, na dada akanyoosha mkono.

"Rudisha mkono wako, mama," Baba akasema. "Uzi bado haujakatwa."

Akaketi. Akavuta pumzi. Akainuka.

Dada alilia, akacheka, kisha akauliza sanduku alilibebea nini. Tukamtilia zile suruali mbili. Shemeji, mwenye mapaja ya kweli, anazivaa mpaka leo.

Baba alishona kule juu miaka mitatu zaidi, hadi wiki ile aliyotutoka. Mwaka huu nimepaka rangi chumba chake, ila pale penye chaki nimeparuka. Cherehani ninayo mimi. Mkasi bado uko kwenye msumari wake, mbali, na sijausogeza. Uzi ukifika mwisho, nainuka.