Swali la Ndugu wa Liwali

Mwalimu Mercy alitaka kilio. Tamthilia yenyewe ilikuwa ya zamani, ya liwali aliyeuawa na mawaziri wake mwenyewe, watu aliokula nao sahani moja, na mashindano ya Msambweni yalikuwa kesho. Salwa alicheza ndugu wa liwali, aliyeruhusiwa kusema maneno machache mbele ya jeneza huku wauaji wamemzunguka. Shule ilikuwa ya wasichana pekee, kwa hiyo hata ndevu za mawaziri zilikuwa za pamba.

"Ukifika kwenye 'Mwamshuhudiaje?' piga yowe," mwalimu alisema. "Uliangukie jeneza."

"Samahani, mwalimu. Hapa hapaliliwi. Hapa panaulizwa."

Wenzake wakaangalia chini. Mwalimu Mercy, mwenyeji wa Kinango, hakuwa mtu wa makuu, ila kila mwaka alirudi kutoka mashindanoni mikono mitupu, na subira ilikuwa imemwishia. Akamwambia Salwa kwamba kama kulia hawezi, mwenzake Tumu anaijua hotuba nzima, na machozi ya Tumu hayako mbali.

Maneno hayo yalimchoma Salwa. Hotuba ile aliipenda kuliko kitu chochote pale shuleni, na ndiyo sababu hakukubali kuiharibu. Akajikaza, akaeleza. Kwao Mwabungo, maiti akishasaliwa, msimamizi huwageukia watu akawauliza wanamshuhudiaje, nao hujibu, "Mtu wa kheri." Pale hakuna athubutuye kumtaja marehemu kwa ubaya. Basi huyu ndugu wa liwali halii hata kidogo, amewatega wauaji. Wakinyamaza, mji utaiona chuki yao. Wakijibu, wamekiri kwa vinywa vyao kwamba wamemuua mtu mwema.

"Lakini kitabuni hakuna jibu," mwalimu alisema.

"Hakuna, mwalimu. Jibu ni la watu."

Mwalimu alimtazama kitambo, kama apimaye kitambaa asichokuwa na hakika nacho. "Haya, uliza," alisema mwishowe. "Lakini ukumbi ukinyamaza, tumekwisha, na lawama ni zako."

Kesho yake ukumbi ulifurika. Wanaume walikaa upande mmoja na wanawake upande wa pili bila kupangwa na mtu. Maimuna, mamake Salwa, alikuwa nyuma kabisa na buibui lake, amekuja shingo upande, kwani kwake yeye kuigiza ulikuwa upuuzi wa watoto waliokosa kazi.

Salwa aliianza hotuba kwa sauti ya chini. Hakulia. Alimsifu liwali kwa mambo madogo madogo, jinsi alivyosalimia na jinsi alivyosikiliza, na kila sifa aliitoa akimtazama waziri mmoja usoni. Kisha akalipa jeneza mgongo, akaukabili ukumbi.

"Mwamshuhudiaje?"

Kimya. Marehemu mwenyewe, msichana wa kidato cha pili, alijikuna chini ya shuka. Nyuma ya pazia Mwalimu Mercy alifumba macho. Yowe lilikuwa limeshamfika Salwa kooni, lingeweza kumwokoa. Akalimeza. Swali lilikuwa swali, naye angesimama pale mpaka lijibiwe.

"Mtu wa kheri," sauti ya mwanamke ikasema kutoka nyuma.

Hapo wanaume wakaitikia kwa mazoea yao, "Mtu wa kheri," upande wao mzima, wazee kwa vijana, wamesahau kabisa kwamba wanamshuhudia mwanafunzi. Mawaziri wakatazamana, maana hakuna aliyewafundisha la kusema. Kanze, aliyecheza waziri mkuu, kichwa cha njama yote, akainamisha ndevu zake za pamba akanong'ona, "Mtu wa kheri." Watu wakamzomea muuaji kwa nguvu.

Salwa akatafuta kwa macho aliyeanza. Mamake alikuwa bado amesimama, peke yake kati ya wanawake walioketi.

Mwaka uliopita, walipomzika babake Salwa, swali lile liliulizwa nje ya nyumba na wanaume wakalijibu. Maimuna alikuwa ndani, nyuma ya dirisha, miongoni mwa wanawake. Miaka yote ile aliishi na mume wake, na hakuna aliyemuuliza yeye.

Leo aliulizwa, na mwenye kuuliza alikuwa bintiye. Salwa alinyoosha mgongo, kifua kimemjaa fahari, akangoja mamake amalize kujibu.

"Wallahi," Maimuna alisema, "alikuwa mtu wa kheri."