Aliyeng'oa Daraja la Kyamusa

Athanase Mukalay alikuwa fundi wa barabara na madaraja katika ofisi ya zone moja, yaani wilaya, ya mji wa Likasi, na kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuandika uongo juu ya kitu kinachobeba watu. Uongo wa kwanza aliuandika Ijumaa moja ya Novemba 1995. Aliuandika amesimama, kwa sababu kiti cha wageni mbele ya meza ya Commissaire, mkuu wa zone, kilikuwa kimevunjika mguu.

Uongo huo ulihusu daraja la Kyamusa. Kyamusa, alikokaa Athanase mwenyewe, ni mtaa ulio chini ya lundo la mabaki ya mgodi, na kijito cha Mulobwe kinautenga na mji. Wakati huo daraja lilikuwa moja tu: reli mbili za treni zilizokuukuu, mbao juu yake, na nguzo moja ya mawe katikati ya maji. Soko, kanisa, maternite wanakojifungulia wanawake na njia ya kiwandani, vyote vilikuwa ng'ambo. Asiyepita darajani alizunguka kwa njia ya reli, mwendo wa saa moja na nusu.

Mwanzoni mwa mvua Athanase alikuwa ameteremka majini na ufito wa chuma. Aliuchomeka chini ya nguzo, nao ukaingia kama kidole ndani ya ugali wa bukari, mpaka bega lake likagusa mawe. Maji yalikuwa yamekula udongo wote. Bahati njema, alifikiri, mwezi huohuo mapadri walikuwa wameipa zone lori zima la simenti na vyuma kwa ajili ya daraja. Akaandika ripoti akaipeleka. Baraza la zone lilikaa, likaamua simenti ijenge mtaro wa maji kwenye avenue ya juu, ambako wakubwa walikaa na mvua iliwaingilia barazani. Lakini mapadri wangeuliza simenti yao, na zone ilihitaji karatasi ya kusema daraja ni zima. Ndipo alipoitwa.

"Andika solide, imara," alisema Commissaire Nicolas, akimsukumia karatasi nyingine.

"Mesié Commissaire, ile nguzo haiko na kintu chini. Inasimama juu ya mayi."

"Lakini inasimama?"

"Leo, ndiyo."

"Basi andika inasimama. Weye uko fundi, hauko nabii."

"Mvua ikikuya na nguvu..."

"Athanase." Commissaire hakupaza sauti. "Inje kuko vijana, banajua kusoma, banangojea nafasi yako. Na ile nyumba unalala na bibi yako ni nyumba ya zone. Saini, uende."

Akasaini.

Jioni alimweleza mkewe, Philomène, aliyekuwa akichambua samaki wadogo wa kapenta wa kuuza kesho yake.

"Ulifanya muzuri," mama yule alisema. "Tungelala wapi?" Kisha mikono yake ikasimama. "Lakini, bwana yangu, inaweza kuanguka kweli?"

"Inaweza."

"Siku gani?"

"Sijue. Mvua kubwa moja tu inatosha."

Philomène alipita juu ya daraja lile kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni, beseni kichwani.

"Basi uliweka saini juu ya kichwa yangu na minye," akasema. Usiku ule hakumsemesha tena.

Jumamosi Athanase alisimama mwanzoni mwa daraja akawaonya wapitao. Wengine walicheka, wengine walimsukuma kando. Mama Berthe, muuza mihogo mwenye sauti iliyosikika mpaka ng'ambo, alitua mzigo wake makusudi.

"Karatasi yako wamebandika ku bureau ya mutaa tangu asubuhi," alisema. "Inasema solide. Na jina yako iko chini. Sasa tuamini Athanase gani, wa jana ao wa leo?"

"Wa leo, mama. Wa jana aliogopa."

"Na wa kesho atasema nini?" Watu wakaangua kicheko, naye akabeba mihogo yake akavuka. Ubao ambao Athanase aliupigilia pale, ulioandikwa HATARI, kufika jioni mtu alikwisha kuugeuza kuni.

Jumatatu, jua lilipochomoza, alikwenda na nyundo na mtaimbo. Hakumwambia mtu, hata Philomène. Alianzia katikati, juu ya nguzo, akang'oa mbao za upande wa mji, kisha za upande wa Kyamusa, mpaka akabaki amesimama kwenye kipande kidogo ambapo haikuwa rahisi kumfikia. Kila ubao alioung'oa aliutupa majini. Alijua kwamba akiuacha ukingoni, kabla ya saa sita wangeurudisha kwa misumari.

Kelele zilianza na wanawake wa sokoni. Punde ukingo ulijaa watu.

"Mwizi! Wamemulipa!"

"Unauzia nani mbao zetu?"

Jiwe la kwanza lilimpata kwenye mbavu, la pili kwenye sikio. Hakujikinga; mikono yake ilikuwa kwenye mtaimbo. Mama Berthe alilia kwa hasira, akitaja mama yake Athanase na tumbo lililomzaa. Kisha Stanislas, mkwe wa Berthe, kijana aliyefukuzwa kazi kiwandani na sasa akichimba malachite, mawe ya shaba, kwa mikono, alikanyaga reli tupu na kusogea hatua tatu juu ya maji.

"Papa Athanase! Bibi yangu Carine iko na mimba ya miezi tisa. Siku yake ikifika atapita wapi?"

"Ku njia ya reli."

"Weye njo utamubeba?"

Athanase alichomeka mtaimbo chini ya ubao. Akainama, akang'oa ubao mwingine. Akautupa.

Askari wawili walifika upande wa mji na kumngojea. Alipomaliza alitembea juu ya reli mpaka kwao, damu ikimtiririka shingoni. Wakamfunga kwenye kasho, chumba cha nyuma ya ofisi ya zone kisicho na dirisha, chenye harufu ya mkojo wa watu wengi.

Commissaire Nicolas alikuja mwenyewe, ripoti mkononi. Aliisoma kwa sauti, neno kwa neno, askari wakisikiliza.

"Nani alisaini?"

"Ni minye."

"Basi uko mwongo, ao uko muharibifu wa mali ya Serikali. Chagua moja."

"Niko mwongo," Athanase alisema. "Na weye ulijua."

"Minye? Minye siko fundi." Commissaire aliikunja karatasi vizuri, akaitia mfukoni. "Minye ninasoma tu ile fundi anaandika."

Siku tatu Philomène alimletea chakula kwa njia ya reli, saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi. Hakulalamika, wala hakusema mengi. Alhamisi alichelewa. Aliweka sahani chini, akabaki akiiangalia.

"Carine alianza kuumwa alfajiri," alisema. "Walimubeba juu ya mulango walingoa ku nyumba, Stanislas na banaume batatu. Mutoto alitokea ku njia, pale karibu na dépôt ya treni. Kamba ya kitovu ilimuzunguka shingo. Sage-femme, muzalishaji ya maternite, anasema kama bangefika mapema kwa saa moja, pengine. Anasema pengine tu."

"Mutoto mwanaume?"

"Binti."

Athanase aliketi chini. Alitaka mkewe amwambie kitu, hata tusi. Philomène alichukua sahani ya jana, akatoka. Chakula cha siku hiyo kililiwa na askari.

Ijumaa walimfungua, wakampa barua mbili. Ya kwanza ilimfukuza kazi. Ya pili ilimtaka ahame nyumba ya zone kabla ya mwisho wa mwezi. Alirudi Kyamusa kwa njia ya reli kama kila mtu, na alipopita karibu na dépôt aliona majani yaliyolaliwa na kitambaa kilichoachwa hapo, akageuza uso.

Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Stanislas. Wanawake wa matanga waliokaa uani walimwona, nyimbo zikakatika. Mama Berthe alisimama mlangoni, mikono imeshika miimo yote miwili.

"Unatafuta nini? Unakuya kuchukua na mama yake?"

"Ninakuya kuomba musamaha, mama."

"Musamaha ni ya muntu alikanyaga muguu ya mwenzake. Toka."

"Mama, mwache aingie." Sauti ilitoka ndani, dhaifu. Ilikuwa ya Carine.

Alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, uso umeelekea ukuta. Hakugeuka.

"Ungengoja wiki moja tu, Papa Athanase."

"Mvua ingeweza kukuya siku yoyote, binti yangu. Sikujua siku."

"Siku ya mvua haukujua. Lakini tumbo yangu uliiona. Kila asubuhi nilikupita pale ku lango yako, nilikusalimia." Alipumua. "Ya daraja ulipima na chuma. Ya minye haukupima na kintu."

Athanase alisimama pale, kofia mkononi. Angeweza kusema habari ya nguzo, na ya watu wangapi wangekuwa juu yake. Maneno yote hayo alikuwa nayo. Hayakuwa na pa kukaa katika chumba kile. Akatoka kinyumenyume, na uani mtu mmoja akatema mate karibu na kiatu chake.

Mvua ilianza Jumamosi alasiri, haikukatika. Jumapili asubuhi Mulobwe ulikuwa mwekundu na umevuka kingo zake. Kengele za misa zililia ng'ambo na hakuna wa Kyamusa aliyeweza kwenda. Watu walisimama ukingoni chini ya vipande vya plastiki, wakiangalia maji. Athanase alisimama mbali nao, karibu na migomba.

Nguzo haikuanguka kwa kishindo. Iliinama kidogo kuelekea mji, kama mtu anayetaka kusikia vizuri, kisha mawe yakaachana, na zile reli mbili zikapinda na kuzama. Ilikuwa karibu saa tatu. Jumapili nyingine zote, saa kama hiyo, misa ya kwanza ilikuwa imetoka na ya pili inaingia, na daraja lilijaa watu, wanaorudi wakipishana na wanaokwenda, watoto wamevaa soksi nyeupe.

Mwanamume mmoja alianza: "Mungu wangu, tungekuwa..." na mkewe akamshika mkono akanyamaza.

Kisha Mama Berthe akageuka, akamtafuta Athanase kwa macho mpaka akampata.

"Ni nyundo yake njo ililegeza ile nguzo!" alipiga kelele. "Ilikuwa inasimama tangu wakati ya Wabelgiji. Alipiga, alipiga, ikachoka!"

Ilikuwa rahisi kuamini, na waliamini, au walisema wanaamini. Aliyeitazama nguzo mpaka mwisho alijua alichokiona. Na aliyembeba Carine juu ya mlango alijua pia uzito aliobeba. Philomène ndiye aliyemvuta Athanase mkono wakaenda nyumbani.

Walihama kabla mwezi haujaisha, wakapata chumba kimoja kwa dada yake Philomène, upande wa mji. Mtaro wa avenue ya juu ulijengwa, ukapigwa chokaa, na Commissaire akaufungua kwa hotuba. Mapadri walipouliza juu ya daraja, walionyeshwa ripoti: lilikuwa zima, fundi mwenyewe alisaini, kisha fundi akapata wazimu akalivunja. Padri mkubwa alitikisa kichwa, akasema ni huzuni.

Januari, mvua zilipopumzika kidogo, wanaume wa Kyamusa waliamua kufanya salongo, kazi ya pamoja bila zone wala padri. Walikata miti mikubwa wakaiburuta mpaka kijitoni. Athanase alisikia habari sokoni kwa mkewe, na asubuhi akafika. Walimwona, wakaendelea kufanya kazi kana kwamba ni kisiki.

Walikuwa wakisimamisha mti palepale nguzo ilipokuwa.

"Hapo hapana," alisema. "Kuko shimo. Mayi itakula tena."

Stanislas, aliyekuwa majini mpaka kiunoni, hakugeuza kichwa. Wengine walingoja aseme yeye.

"Wapi basi?" aliuliza mwishowe, akiyaangalia maji.

"Hatua nane juu, kule mayi inatokea. Chini kuko jiwe, nililigusa na chuma."

Stanislas alisogea hatua nane, akakanyaga, akatafuta kwa mguu. Akasimama juu ya kitu kigumu. Maji yakamshukia mapajani.

"Leteni mti huku," aliwaambia wenzake. Na kwa Athanase, bado bila kumtazama: "Onyesha, kisha ujiendee."

Alionyesha. Hakujiendea. Siku nne alibeba mawe upande wa mji, peke yake, wakati wao walifanya kazi upande wa Kyamusa. Kinywaji cha munkoyo kilipozungushwa kwa kikombe kimoja, kikombe hakikuvuka maji. Hakuna aliyemtukana tena. Walikuwa wamechoka, na mawe yake walihitaji.

Siku ya tano miti ilifungwa, na wanawake waliokuwa wakingojea na mizigo wakaanza kuvuka mmojammoja. Carine alikuwa wa pili, nyuma ya mama yake, beseni la mihogo kichwani. Upande wa mji, Athanase alikuwa bado anakaza kamba mwishoni mwa daraja, na njia ilikuwa nyembamba. Mama Berthe alipita kama hakuna mtu. Carine alisimama, akangoja.

Athanase aliteremka majini ili ampishe. Maji yalikuwa baridi, yakamfika magotini. Alishika mti kwa mikono miwili usitikisike, mpaka nyayo za Carine zikafika nchi kavu, naye akaenda zake.

Kisha akapanda, akaimalizia ile kamba.