Chumba cha Kasuku

Judy alipokuja kuniomba nizime udi, nilidhani mumewe ameshikwa na kifua.

"Si Muasya, Mama Shutu," akasema. "Ni kasuku. Anakuja mwisho wa mwezi, na moshi wa udi ni sumu kwake."

Nilikuwa uani na chetezo changu, kama ninavyofanya kila Alhamisi tangu nilipoolewa hapa Bongwe. Kati ya uwanja wangu na wa Judy pana ukuta mfupi ambao hata kuku wangu huuruka bila kujisumbua. Judy na Muasya ni watu wa bara, wote wawili wafanyakazi wa hoteli za Diani. Muasya ni mkubwa wa mambo ya chakula, Judy hupokea wageni. Ni majirani wema, wanasalimu vizuri, hawana makelele. Lakini siku ile nilimtazama Judy kuanzia kilemba mpaka kandambili.

"Kasuku gani huyo asiyeweza udi?"

"Anaitwa kasuku Kweka. Ni wa kijani, kifua kijivu. Tumemwagiza kwa mfugaji Nairobi."

"Kweka, kama wale Wakristo wa kule Kaimosi?"

"Ndiyo, ni jina hilohilo. Wanasema kifua chake kinafanana na nguo zao za zamani."

"Basi huku Ukunda mtamtafutia kanisa wapi?"

Judy hakucheka. Hapo nikajua kwamba jambo hili ni zito.

Chumba alichotengewa kilikuwa cha nyuma, kile kinachopata upepo mzuri kuliko vyote. Kenga, fundi wa rangi, aliitwa akipake upya kwa rangi isiyo na harufu. Aliniambia amewahi kupakia maharusi rangi, amewahi kupakia wazee rangi, lakini hajawahi kusimama na kibao cha rangi mkononi huku mwenye nyumba akijiuliza ndege atapenda ipi. Walichagua ya majani mabichi. Feni ya darini iling'olewa, maana kasuku akiruka ingemkata. Dirishani wakatia wavu, tumbili wasije wakamtia hofu. Tundu lilikuja limefungwa kwa plastiki kama jokofu, vyuma vyake vimekaribiana ili kichwa kisipenye, na likahamishwa kila kona ya chumba: hapa pana jua, pale pana upepo, pale panatazamana na mlango.

Kisha Judy akaja kuomba matawi ya mpera wangu. Alitaka manene, membamba na yaliyopinda, kwa sababu kasuku akikaa juu ya kijiti cha aina moja tu huumwa na miguu. Nikampa. Mpera ukabaki kama mgonjwa aliyenyolewa.

Jikoni nako kukakaguliwa. Vile vikaango vyeusi ambavyo chakula hakigandi vikatolewa nje, eti vikipata moto sana mvuke wake huua ndege. Mimi nikaviokota, mayai yangu sasa yanateleza yenyewe mpaka sahanini. Dawa ya mbu ya kuchoma ikapigwa marufuku. Parachichi likapigwa marufuku, eti nalo ni sumu kwa ndege. Muasya anapenda parachichi, maskini, basi akawa anakuja kulila kwenye ukuta wangu, ameipa nyumba mgongo, kama mtu anayejificha kula mchana wa Ramadhani.

"Wewe ni mume au mpangaji?" nikamuuliza.

"Mama Shutu, mambo ya kisasa haya," akasema, akifuta mdomo.

Kasuku alikwishapewa jina kabla hajafika. Aliitwa Ethan.

Siku moja kabla ya Ethan kuwasili, alikuja mgeni mwingine. Mama yake Muasya, Bi Kalondu, anaishi kwenye shamba lao kule Shimba Hills, peke yake tangu alipofiwa. Alikuwa na mtoto wa jicho, akapasuliwa Msambweni, na daktari akamtaka akae karibu mpaka jicho litulie, arudi kuangaliwa. Muasya akamleta nyumbani kwa gari, jicho moja limefunikwa bandeji, mkononi mfuko wa mahindi na kuku mmoja aliyefungwa miguu.

Nilikuwa pale, nimewapelekea sahani ya viazi karai, vile ninavyouza. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," akaniitikia kwa furaha, akanishika mkono na hakuuachia. Ndivyo tulivyoingia ndani pamoja, mimi nikiwa jicho lake la pili.

Akakuta mlango wa chumba cha nyuma uko wazi. Akaingia. Akapapasa ukuta, akanusa, akalisogelea dirisha mpaka pua ikagusa pazia jipya. Jicho lake moja lilikuwa limeanza kutiririka machozi.

"Muasya," akasema, "uliniambia kwenye simu kwamba mnatayarisha chumba. Sikujua mnatayarisha hivi. Baba yako angekuwa hai angeona."

Judy alikuwa anaangalia kucha zake. Muasya alikuwa amesimama na yule kuku, kana kwamba kuku ndiye atakayesema kwa niaba yake.

"Mwaitu," akasema hatimaye, kwa maana ndivyo wao Wakamba wanavyomwita mama, "hiki chumba, kuna mgeni anakuja kesho."

"Mgeni gani?"

"Ndege."

"Anakuja kwa ndege?"

"Hapana, mwaitu. Yeye mwenyewe ndiye ndege."

Bi Kalondu alinigeukia mimi, nadhani akidhani Kiswahili kimempiga chenga. Mimi nikatazama dari, mahali palipokuwa na feni. Mama wa watu akatoka chumbani polepole, akiwa amenishika mkono kwa nguvu zaidi kuliko alipoingia, akaketi kwenye kochi la sebuleni. Akaomba maji.

Kochi hilo ndilo likawa kitanda chake. Ni kochi zuri kwa mtu anayetazama mpira, lakini Bi Kalondu ni mrefu, na miguu yake ililala juu ya kigoda. Mbu walimla vizuri, maana dawa ya kuchoma imekatazwa. Neti mpya ilikuwepo, lakini ilifunika tundu. Na asubuhi ya pili, alipoanza wimbo wake wa sala kama alivyozoea, Judy alitoka na kidole mdomoni: Ethan amefika jana, ana uchovu wa safari, asishtuliwe.

Nilimwita ukutani nikamwambia, "Mama, njoo ulale kwangu. Kitanda cha binti yangu Shutu ki wazi tangu aolewe kule Jego."

"Ahsante, mwanangu. Lakini nikihamia kwa jirani, Muasya ataaibika."

"Kuaibika ndiko kunakomfaa."

Akacheka kidogo, akakataa.

Sasa huyo Ethan. Nilimwona nikamshangaa, baada ya matayarisho yale nilitarajia kitu cha ukubwa wa tausi. Alikuwa mdogo kuliko kifaranga aliyeanza kuota mbawa, kijani, kifua kijivu, anatingisha kichwa kama mzee anayekataa hoja. Lakini sauti! Wenye nyumba walipoondoka kwenda kazini, alianza kupiga kelele na hakunyamaza. Alipiga kelele asubuhi, akapumzika kula, akapiga tena. Wateja wangu wa viazi waliniuliza nani anachinjwa.

Judy alijaribu kumbembeleza, akang'atwa kidole mpaka damu. Muasya akajaribu akiwa amevaa glavu za kutolea vyakula ovenini, akang'atwa sikio. Vile vitu vya kuchezea vilivyoning'inizwa, kengele na ngazi na kamba za rangi, hakuvigusa. Kufika Ijumaa alikuwa ameanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani. Judy alilia kama aliyefiwa. Wakampigia simu daktari wa ndege Nairobi, na daktari akawaambia jambo ambalo lilikuwa limeandikwa kila mahali Judy aliposoma habari za rangi na vijiti: ndege hawa huishi kundini. Ukimfungia peke yake chumbani kutwa nzima, hata chumba kiwe kizuri vipi, atajiumiza. Anataka mtu wa kukaa naye.

Wakatazamana. Kisha wakaligeukia kochi.

Haya aliniambia Bi Kalondu mwenyewe. Muasya alikuja akachuchumaa mbele yake, jambo ambalo hakulifanya tangu alipokuwa akiomba ruhusa ya kuoa.

"Mwaitu, tumefikiri, kulala hapa sebuleni si vizuri kwako. Afadhali uhamie chumba cha nyuma."

"Na mgeni?"

"Mtakaa naye. Chumba ni kikubwa."

Basi kitanda kikaingizwa alasiri ileile. Neti ya pili ikanunuliwa. Hata feni ikarudi, ya kusimama chini, ndani ya wavu wake, kwa sababu mwaitu asiposikia joto hatatoka nje, na asipotoka nje Ethan hatapiga kelele. Bi Kalondu akaingia, akaketi kitandani, akamtazama yule kasuku kwa jicho lake zima.

"Wewe," akamwambia, "nyamaza. Hapa hakuna aliyekufa."

Akanyamaza. Sisemi kwamba kuna muujiza hapo. Alipata mtu wa kumsemesha, basi. Bi Kalondu alimsemesha kutwa kwa Kikamba, akamkaripia kama anavyokaripia kuku wake, akamwimbia ule wimbo uliokatazwa. Akamfungulia mlango wa tundu. Ethan akawa anaokota vijiti vya ufagio na kuvipanga nyuma ya mto wa mama, akijijengea nyumba kwa mikono yake, niseme kwa mdomo wake, bila kumuuliza mtu habari za rangi. Judy akipita mlangoni, Ethan anafungua mabawa kutaka kumrukia.

"Anakupenda, Mama," Judy akasema, na uso wake ulionyesha alivyoumia.

"Hanipendi," akasema Bi Kalondu. "Ananikuta nipo."

Jicho likapona, bandeji ikatoka. Daktari wa Msambweni akasema anaweza kwenda zake. Kesho yake asubuhi mama alikuwa amekwishafunga mfuko. Mimi nilikuwa upande wangu nikimenya viazi, na ule ukuta, kama nilivyosema, ni mfupi.

"Mwaitu, una haraka gani?" Muasya alikuwa anasihi. "Kaa mwezi. Kaa hata mwaka. Hapa ni kwako."

"Mbuzi wangu amewashika jirani tu."

"Tutamlipa mtu awachunge."

"Muasya, miaka yote hii hujawahi kuniambia nikae mwaka."

"Sasa nakuambia."

"Unaniambia mimi, au unamwambia yaya?"

Judy akaingilia, sauti imekatika. "Mama, ukiondoka atajinyonyoa tena. Daktari alisema."

"Mimi pia ninaishi peke yangu chumbani kutwa," akasema Bi Kalondu. "Hamjanipigia simu ya daktari."

Nikaacha kumenya. Muasya akauchukua mfuko wa mama yake akaupeleka garini.

Wiki hiyohiyo kelele zikarudi, na Jumapili nikaliona gari lao likitoka mapema. Kasuku alikuwa kiti cha mbele, tundu dogo limefungwa mkanda. Judy alikaa nyuma. Wakarudi jioni, Ethan ametulia, na utulivu ukadumu mpaka Alhamisi. Jumapili iliyofuata wakaenda tena. Muasya, ambaye kwake miaka yote barabara ya Shimba Hills ilikuwa mbaya, mafuta yamepanda, kazi imembana, sasa hakosi hata mara moja. Aliniambia barabara wala si mbaya, ni watu tu wanaovumisha.

Nilipanda nao Jumapili moja, nimpelekee mama salamu na ubani wa kutafuna. Tulimkuta mlangoni, amejifunga leso mpya. Akafungua tundu kabla hajatupa mkono, Ethan akaruka begani kwake, akaanza kumchokoa sikio. Judy akashika ufagio kwenda uani. Muasya alipewa nyundo na misumari, akapandishwa juu ya paa la jiko kurekebisha mabati ambayo, nikasikia, yalikuwa yakivuja tangu mzee wake alipokuwa hai.

Tukaketi wawili kivulini, mimi na yeye, tukila parachichi mbali na ndege.

"Umeona wanangu wanavyonipenda siku hizi?" akasema.

"Nimeona, mama."

"Judy aliniambia hawa ndege huishi muda mrefu. Akitunzwa, miaka ishirini na zaidi." Akatazama juu, ambako Muasya alikuwa ameweka misumari mdomoni, jasho linamtiririka. "Akitoka hapo kwenye mabati kuna choo. Halafu kuna boma la mbuzi."

Akanikatia kipande kingine cha parachichi, akamwambia Muasya kwa sauti kwamba bati la mwisho limepinda, alitoe alipige upya.