Bangili ya Waya wa Simu

Fundi Anselm alipoleta mtandao wa kasi zahanati ya Mgori hakuchimba mtaro wala kusimika mnara. Alifunga kisanduku kimoja mjini, kingine kwa muuguzi Rahabu, akapitisha mtandao kwenye nyaya za shaba za simu za zamani, zile zilizobaki na kazi ya kukaliwa na kunguru tu. Mtandao ukaja mbio. Daktari wa mjini akawa anatazama wagonjwa kwenye kioo kana kwamba yuko chumba cha pili.

Ndipo fundi akaenda kukagua njia ya nyaya. Kwenye shamba la alizeti la Bibi Emiliana, kati ya nguzo mbili, hapakuwa na waya. Hewa tupu, na bado mtandao ulikuwa unapita.

"Shikamoo bibi. Waya wa hapa uko wapi?"

"Marahaba. Ninao." Akanyoosha mkono wenye bangili. "Marehemu mume wangu Chediel aliukata tukichumbiana, akanisokotea hii. Unataka kunishitaki au kunioa?"

Anselm alicheka, lakini siku zilizofuata kicheko kilimkauka. Kila Emiliana alipokwenda mnadani Ilongero, mtandao ulikufa. Akirudi nyumbani, unafufuka. Fundi akaunga waya mpya. Mtandao ukagoma mpaka alipoushusha.

"Basi bibi, usitoke tena."

"Nisitoke? Leah wangu kajifungua Nduguti, nami nikae hapa kama nguzo?"

Hilo ndilo lililomuuma. Bangili haikuwahi kutoka mkononi tangu Chediel amvishe, na mjukuu hajamshika. Alikaa nayo jikoni kutwa nzima. Mwishowe akapaka sabuni, akaivuta, ikatoka ikiwa ya moto kama kikombe cha chai. Anselm akapanda nguzo, akaifunga kati ya nyaya. Mtandao ukashika. Emiliana akapanda bodaboda ya Deo.

Walikuwa wameshaipita Ilongero simu ilipoita. Ni Rahabu, sauti chini.

"Bibi, kuna mzee anaingia katikati ya maongezi ya daktari. Hatumwoni. Anauliza tu, Emiliana yuko wapi?"

Emiliana alisikia mkono wake mtupu ukisisimka. "Anakohoa kabla ya kusema?"

"Anakohoa."

"Mwambie nimekwenda Nduguti kumwona mjukuu."

"Nimeshamwambia. Akasema anakuja. Halafu mtandao ukakatika, na Anselm anasema bangili haipo tena kule juu."

Emiliana akageuka. Barabarani nyuma yao hapakuwa na mtu, ila vumbi lililokuwa likija taratibu, bila upepo.

"Niongeze moto, bibi?" Deo aliuliza, macho kwenye kioo cha pikipiki.

"Punguza," alisema Emiliana. "Chediel wangu goti lilikuwa linamsumbua."