Mahali Reli Zinapokatana

Asubuhi treni ilipita vizuri. Mama Nyaya aliisindikiza kwa macho kutoka stesheni ya kadibodi hadi pale reli zinapokatana katikati ya meza, ikavuka bila kusita. Mchana, shemeji yake alipokwisha kuja na kwenda zake, aliiwasha tena. Ikafika kwenye makutano, ikafa. Taa ya kisanduku cha umeme nayo ikazimika.

"Si mara moja wala mbili," alisema peke yake. "Hapa pana mkono wa mtu."

Jina la Mama Nyaya walimbandika majirani, kwa kuwa alikuwa fundi wa kuunganisha simu hadi alipostaafu. Sasa alishinda chumba cha uani, akijijengea reli ndogo juu ya meza ya mbao. Kilichomtoa jasho ni yale makutano. Reli moja hupeleka umeme, mwenzake huurudisha. Njia mbili zikikatana, ya kupeleka hugusana na ya kurudisha na kila kitu huzimika. Kwa hiyo alizikata reli kwa msumeno mwembamba kuzunguka makutano, akaacha mianya isiyozidi unene wa kadi, na kipande cha katikati akakipa waya wake na swichi yake. Treni ikija njia hii, unabonyeza huku. Ikija ile, unabonyeza kule. Kazi ilikuwa safi, na hakuwa mtu wa kujidanganya kuhusu kazi yake.

Shemeji huyo, mdogo wa mumewe, alikuwa kinyozi mtaa wa pili. Dukani kwake umeme ulikuwa wa kubahatisha, basi kila mchana alikuja kuchaji mashine zake kwenye soketi iliyokuwa nyuma ya meza. Ufunguo alikuwa nao. Zamani chumba kile kilikuwa stoo yake; alipoombwa akiachie, alihamishia viti na vioo vyake barazani, chini ya turubai, akasema tu, "Haya, shemeji." Ile "haya" haikuwahi kumtoka Mama Nyaya kichwani.

Jioni alimwambia mumewe, "Mdogo wako anachezea nyaya zangu."

Mumewe alikuwa akikata kucha. "Yule hata balbu huniita mimi nikambadilishie."

"Kuchomoa waya hakuhitaji cheti."

"Na wewe umeuona umechomoka?"

Hakuwa ameuona. Kila jioni alilegeza skrubu zote na kuzikaza upya, na kila asubuhi treni ilivuka. Hilo ndilo lililompa uhakika: mtu anaharibu, yeye anatengeneza. Alianza kumchunguza shemeji yake kama askari wa getini. Mbona leo amekaa muda mrefu? Mbona ametoka akipiga mluzi? Hata salamu zake alizipima.

Siku moja alinyunyiza poda kwenye ukingo wa meza, upande wa soketi, akaketi jikoni kuchambua mchele. Kinyozi aliingia, akatoka. Mama Nyaya alipokwenda kutazama, alikuta alama za vidole vitano kwenye poda, wazi kama muhuri. Treni aliijaribu: ikafia palepale.

Alimwahi getini.

"Shemeji, nyaya zangu zimekukosea nini?"

"Nyaya gani?"

"Vidole vyako viko mezani. Nimeviona."

Kinyozi aligeuza kiganja chake, akaona weupe wa poda. Alielewa taratibu, na akakunja uso.

"Siwezi kuifikia ile soketi bila kuegemea meza," alisema. "Kumbe umenitegea?"

Shemeji alichomoa ufunguo kwenye pete yake, akamwekea mkononi kwa adabu, akaondoka.

Kesho yake chumba hakikuingiwa na mtu. Asubuhi treni ilivuka, na Mama Nyaya akajiambia, umeona? Mchana akaiwasha tena ili akamilishe ushahidi wake. Ikafa.

Alisimama huku ufunguo wa kinyozi ukiwa mfukoni mwake. Juu yake bati la paa lilikuwa likilia kwa jua. Aliigusa reli, ikamshtua kwa joto. Akachukua kipande cha kadi alichokuwa akipimia mianya, akajaribu kukipenyeza. Hakikupita popote. Reli zilikuwa zimetanuka, ncha zimebusiana, na usiku zikipoa zingeachana tena.

Aliketi juu ya kopo la rangi. Chuma hutanuka kwa joto: jambo alilolijua fika, yeye aliyevuta nyaya za simu juani maisha yake yote. Akakata mianya upya, mipana kidogo, na katika kila mmoja akagundisha kipande cha plastiki ili ncha zisikutane tena.

Kisha akaenda dukani kwa kinyozi. Shemeji alikuwa akimnyoa mteja, akampa ishara ya kuketi kwenye benchi. Mteja alipotoka, Mama Nyaya alisema, "Ilikuwa joto. Si wewe. Nimekukosea, shemeji, nisamehe."

Kinyozi alikung'uta shuka la kunyolea kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Chumba nilikitaka," alisema. "Mpaka leo nakitaka, viti vyangu vinaoza barazani. Ungeniuliza hilo, ningekujibu. Lakini hukuuliza. Ulimwaga poda."

Mama Nyaya alimwekea ufunguo kwenye rafu, karibu na brashi. Kinyozi hakuugusa.

Wiki iliyofuata kinyozi alikuja na mashine zake. Alizichaji sebuleni, mbele ya kaka yake, akakaa kando yake hadi zikajaa. Mama Nyaya alimkaribisha uani akaone treni ikivuka mchana kweupe. Shemeji alishukuru, akasema ataiona siku nyingine. Hakusema lini.