Goti la Katuni

Kaka yangu Odongo si mwoga, lakini mwezi ule alikuwa anaogopa leso. Alikuwa anaoa kwa Wakikuyu wa Ruiru, na Wakikuyu wana yao: siku ya ruracio, yaani ya kupeleka mahari, wanawafunika wasichana kadhaa kwa leso kutoka utosini hadi miguuni, bibi harusi akiwa mmoja wao, kisha wanamwambia mwanamume atoe wake. Akikosea, anaongeza mbuzi. Mbuzi si neno, sisi watu wa ziwa hatuna uchoyo. Neno ni kwamba Wamaitha, bibi harusi mwenyewe, alikuwa amemwonya, tena bila kutabasamu.

“Ukishika mtu mwingine, Odongo, hiyo siku sitaisahau.”

Mimi ni Dorine, dadake. Kazi yangu ni kuchora katuni zinazocheza muziki. Nina meza yangu kwenye duka la picha Ruiru, ingawa majirani zetu wa Makongeni, Thika, wanaamini huwa naenda kucheza gemu. Basi Tata Wambaire, shangazi yake Wamaitha, akaniagiza katuni fupi ya kualika watu: msichana aliyefunikwa leso akicheza mwomboko, akimaliza anaanza tena, bila mwisho. Muziki ungetoka kwa mjomba wao, Mzee Kinyanjui, ambaye kodiani yake imechosha harusi nyingi.

Nilimpiga Wamaitha video akicheza, kisha nikamchora juu ya video hiyo, picha moja baada ya nyingine. Mwomboko ni hatua mbili na kukunja goti. Wamaitha hushuka kama anayeokota sindano, halafu hupanda taratibu, hata muziki ukimwacha.

Taabu ikawa kwenye mshono. Katuni ya kujirudia lazima mwisho wake ushikane na mwanzo, mtu asijue imeanzia wapi. Sasa Mzee Kinyanjui akikaribia mwisho wa wimbo huchangamka, anakimbia. Muziki ukaisha msichana wangu bado amekunja goti, na wimbo uliporudi mwanzo akajikuta wima, ameruka ghafla kama aliyekalia siafu. Nilimtumia Tata aangalie rangi tu, nikamwambia bado sijamaliza.

“Dorine, hii imeweza,” akanipigia simu. “Nishaituma kwa group ya familia, ya chama na ya kanisa.”

“Tata, hiyo ilikuwa ya kuonja tu. Kuna mahali inaruka vibaya.”

“Hapo pa kuruka ndipo watu wamependa.”

Nilinuna siku nzima. Nilirekebisha mshono, nikatuma nyingine safi kabisa, na hakuna aliyeifungua. Ya kwanza ilikuwa imeshazunguka Ruiru yote.

Odongo aliitazama akinywa chai, akingoja maji bombani, hata kiwandani wakati wa mapumziko.

“Hii ni kusoma, sister,” akaniambia. “Nikimwona akicheza nitamjua hata wamfunike na godoro.”

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Binamu zake Wamaitha nao walikuwa wanaisoma katuni hiyohiyo.

Siku ikafika. Walitolewa watano, kimo kimoja, leso za rangi moja, miguu imefichwa kwa soksi. Mzee Kinyanjui akavuta kodiani. Wakaanza: hatua mbili, goti, hatua mbili, goti. Wimbo ulipofika mwisho, binamu wakaruka juu kama waliokalia siafu. Walikuwa wamelishika kosa langu wakidhani ni stepi. Nilitamani ardhi inimeze. Sijawahi kuona aibu yangu imevishwa leso na kupigiwa vigelegele.

Odongo alisimama mbele ya wa kwanza. Msichana huyo aliruka vizuri, kama kwenye simu. Kaka yangu akanyoosha mkono, nami nikafumba macho, kwa sababu dada wa bwana harusi haruhusiwi hata kukohoa. Nilipofumbua, mkono ulikuwa umerudi mfukoni. Akaenda kwa wa pili, akatikisa kichwa. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Aliwatazama wimbo ukizunguka, ukazunguka tena, mpaka wazee wakaanza kuguna. Mwishowe akampita wa tatu, akasimama kwa wa nne na kumshika bega.

“Ni huyu.”

“Angalia vizuri, kijana,” Tata Wambaire akamwambia. “Huyo hata hajui stepi. Wenzake wanaruka, yeye bado yuko chini.”

“Hao wanacheza video, Tata,” Odongo akasema. “Huyu anacheza.”

Leso ikavutwa. Alikuwa Wamaitha, nywele zimelala, jasho usoni, analia na kucheka pamoja. Uwanja ukalipuka. Nami nililia, sitaficha. Nilikuwa nimemchora mwanamke huyo kidole kwa kidole, nikajiona namjua kuliko watu wote, na kumbe kaka yangu alikuwa amemjua bila kushika kalamu. Niliona wivu kidogo, halafu nikaona furaha kubwa kuliko ule wivu.

Wamaitha alimshika Odongo ukosi wa shati mbele ya wazee wote, jambo ambalo halifanywi.

“Umekawia,” akamwambia. “Magoti yanauma.”