Diski ya Binti Yangu

Mimi si mtu wa wivu. Waulize majirani zangu wa dukani, kisha usiwasikilize.

Mama wa binti yangu kuolewa tena nilikubali. Tuliachana bila kurushiana sahani, na miaka sita ni mingi. Kilichonishinda ni huyo aliyemuoa: mpima viwanja, mrefu, mpole, mtu wa kusema samahani hata akikanyagwa yeye. Mtu asiye na kasoro anachosha sana kumchukia. Binti yangu anamwita anko, na kila nikilisikia neno hilo napumua, maana siku akimwita baba sijui nitaiweka wapi sura yangu.

Jumatano moja binti alikuja dukani amekumbatia laptopu niliyompa alipoanza chuo. Alikuwa mwaka wa mwisho, na Ijumaa alitakiwa kukabidhi ripoti yake ya utafiti.

"Baba, inachukua dakika nane kuwaka. Nimehesabu. Anko anasema ataninunulia mpya."

Moyo ukanipiga paa. "Mpya ya nini? Hii mwili wake mzima, inaumwa diski tu. Nitakuwekea SSD. Rudi saa kumi, utanisimulia."

"Kazi yangu yote imo humo, baba. Sina nakala nyingine."

"Unamwambia nani?"

Akacheka, akaenda kumwona msimamizi wake. Nikailaza laptopu kifudifudi, nikafungua skrubu kumi na moja, nikaitoa diski yake. Hizi za zamani zina sahani inayozunguka ndani, na ikizeeka inazunguka kwa kujivuta. SSD haina kinachozunguka, kwa hiyo haina cha kuchoka.

Ili mteja asipoteze vitu vyake, tunanakili diski yote kwa kidude chenye matundu mawili. Tundu la mbele linatoa, la nyuma linapokea, na kitufe ni kimoja. Kidude hakiulizi swali. Ndiyo maana kwa miaka kumi na tisa nimekuwa na mwiko wangu: diski ya mteja inaingia kwanza mahali pake, ndipo naifungua pakiti ya diski mpya. Mpaka siku hiyo sikuwa nimeuvunja.

Nilikuwa nimeishika ile ya zamani mkononi niliposikia hodi. Alikuwa yeye, mpima viwanja.

"Habari za kazi, kaka. Mtoto amesahau chaja." Akaiweka mezani, akachungulia. "Samahani, hiyo pakiti ndiyo hiyo SSD?"

Angesema kwaheri tungesalimika sote. Lakini nilitaka aione. Nikaichana pakiti palepale, nikamwekea diski kiganjani.

"Ina uzito gani?"

"Kama hamna kitu."

"Basi hicho kisicho kitu kitaiwasha laptopu hii kwa sekunde kumi na tano. Usihangaike na mambo ya kununua mpya."

"Kaka, wewe ni fundi kwelikweli," akasema, tena kwa moyo mweupe.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nikaichukua diski mpya, nikaichomeka kwa madaha kwenye tundu lililokuwa karibu na mkono wangu, ya zamani nikaitia kwenye lile lililobaki, nikabonyeza. Macho yangu hayakuwa kwenye kidude. Yalikuwa usoni kwake, nione kama imemuuma. Haikumuuma hata kidogo. Akavuta kigoda.

"Na ripoti yenyewe nzuri," akasema. "Jana alinitumia nimsahihishie."

"Wewe?"

"Vijikosa vya hapa na pale tu."

Roho iliniuma nikakosa pa kutazama. Mimi sikutumiwa hata jalada. Wivu ni kidonda, wanasema, ukiushiriki utakonda, na pale nilihisi suruali inalegea.

Baada ya nusu saa hivi taa ikawa ya kijani. Nikaifunga SSD ndani ya laptopu, nikawasha. Kioo cheusi, maandishi meupe: hakuna kitu humu. Nikageuka kukitazama kidude. Diski ya zamani ilikuwa imesimama kwenye tundu la nyuma, la kupokea.

Nilikuwa nimenakili utupu, kwa uangalifu mkubwa, juu ya miaka minne ya mwanangu.

Nikakaa chini. Mpima viwanja hakuhitaji kuelezwa. Akatoa simu yake.

"Ripoti ninayo, kaka. Ile ya jana."

Ilinipasa kumkumbatia. Mimi nikawaza: hata hili? Nikaweka mfumo upya, nikaitia ripoti yake humo. Alipoona namaliza akashusha sauti: "Mwambie diski ya zamani ilikufa yenyewe. Mimi sikuona kitu."

Alimaanisha wema, najua. Lakini nikaiona hatima yangu. Mtu yule angenitunzia siri ile kwa adabu mpaka siku ya kunizika, na kila tukipeana mkono ningeihisi kiganjani mwake. Bora nionekane mjinga mbele ya mwanangu kuliko kuwa shujaa kwa hisani ya huyu.

Saa kumi binti akarudi. Laptopu ikawaka hata hajamaliza kuvuta kigoda. "Baba!" akapiga makofi.

"Nimekufutia kila kitu," nikasema. "Diski haina kosa. Kosa ni langu. Nilikuwa najionyesha mbele ya huyu."

Furaha ikamtoka usoni. "Na picha?"

"Na picha."

"Ripoti?"

"Ripoti ameiokoa anko wako." Maneno hayo yalinitoka kama jino.

Akafuta macho kwa mkono wa shati, akaifungua, akazipitia kurasa zote bila kunitazama. Mwishowe akasema, "Ipo. Umekosekana ukurasa wa shukrani tu. Niliuandika leo asubuhi." Akaanza kuuandika upya.

Nilijua nisiulize. Nikauliza. "Ulikuwa umeandikaje?"

"Nilikushukuru wewe, baba. Kwa laptopu, kwa yote. Wewe peke yako."

Mpima viwanja alikohoa, akasema anakwenda kugeuza gari. Binti alimtazama mpaka akatoka mlangoni, ndipo akanigeukia mimi.

"Sasa itabidi niongeze mstari."

Nikamwambia aongeze, ni haki yake. Kisha nikamwomba, kama inawezekana, usiwe mrefu kuliko wangu.